Mwaka mmoja kwenye kikundi cha kupunguza uzito: uzoefu wangu

Wiki ya 9 nilifika hadi mlangoni, nikageuka kurudi nyumbani. Asubuhi ile nilikuwa nimejipima, na mizani ilionyesha nimeongezeka kilo 1.3. Nilikuwa nimetoka safari ya kikazi ya siku 4, nimekula chochote kilicholetwa mezani, na daftari langu la chakula halikuguswa. Nikajiambia wiki hii niipite, nitarudi nikishapungua. Nikiwa njiani simu ikaita. Alikuwa mwezeshaji wetu, ambaye sote tunamwita mwalimu. "Dada, kiti chako kipo, tunakusubiri." Hakuniuliza habari za uzito. Nikarudi.

Watu wengi wameniuliza kama programu hizi za vikundi zinasaidia kweli, na kila mara huanza na siku hiyo. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu peke yangu mara nne, na mara zote nne niliacha katika wiki kama ile. Sikuwahi kushindwa kwa kukosa maarifa ya chakula. Nilishindwa kwa sababu nikiteleza nilijificha, na nikishajificha sikurudi tena.

Nilijiunga baada ya daktari kunieleza kwamba sukari yangu imepanda kupita kawaida, ingawa haijafikia kiwango cha kisukari. Mama yangu anaishi na kisukari. Nimemwona akijichoma sindano kila siku kwa miaka mingi. Kwa hiyo sikwenda pale kwa ajili ya kupendeza. Nilikwenda na hofu, na kilo 94.2.

Programu ni ya mwaka mzima. Miezi 6 ya kwanza kuna mikutano 16 ya saa moja, kisha mnakutana mara moja kwa mwezi. Tulianza watu 14. Unapimwa, daftari linakaguliwa, kunakuwa na somo fupi, halafu mazungumzo. Mazungumzo ndiyo yalinirudisha kila wiki, kuliko masomo.

Siku ya kwanza nilivunjika moyo. Tuliambiwa lengo ni kupunguza asilimia 7 ya uzito, yaani kwangu kilo 6.6 hivi, na mimi nilikuwa nimeshajipangia 25. Mwalimu akatueleza lengo hilo lilikotoka: utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002. Ulihusisha watu 3,234 waliokuwa hatarini kama mimi. Waliolenga kupungua asilimia 7 na kufanya mazoezi kama kutembea haraka dakika 150 kwa wiki, uwezekano wao wa kupata kisukari ulishuka kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformin ulishuka kwa asilimia 31. Nilipolisikia hilo nikaziacha zile kilo 25 palepale. Nilikuwa nimepewa kitu ninachoweza kukifikia, na sababu ya kukifikia.

Wiki 2 za mwanzo nilipungua kilo 2.8, na ninawashukuru kwamba walituambia ukweli: sehemu kubwa yake ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, ikiwa imeshikamana na maji. Ukipunguza kula, akiba hutumika na maji hutoka. Wanaouza vidonge na chai za kukondesha hutamba na maji hayohayo. Baada ya hapo nilikuwa nikishuka nusu kilo kwa wiki, wakati mwingine sifuri.

Daftari ndilo lililonifungua macho. Nilikuwa na uhakika kwamba sili sana, na kwenye sahani yangu kweli sikuwa napakua sana. Tatizo lilikuwa mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, na mimi nilikuwa namimina kwa kukadiria moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Siku niliyoamua kupima nilikuta nimetia vijiko 5 kwenye chungu cha watu watatu. Ongeza kuonja ninapopika, ongeza makombo ya watoto niliyokuwa nayamaliza ili yasitupwe. Hakuna hata kimoja ambacho ningekitaja kama ungeniuliza nimekula nini leo.

Mwezi wa 5 uzito ulikwama. Wiki 5 nzima nilizunguka kati ya 87.8 na 88.3, ilhali sikuwa nimebadili chochote. Mwalimu alieleza kwamba mwili ukipungua hutumia nguvu kidogo zaidi, hivyo chakula kilekile kilichokupunguza kinafika mahali kinakutosha tu. Maelezo yalinisaidia, lakini kilichonishika ni mzee mmoja wa kikundi chetu: "Mwanangu, mimi hapo ulipo nilikaa wiki 7. Usiondoke." Alinishauri nipime kiuno badala ya kusubiri mizani, na kweli kilikuwa kimepungua sentimita 3. Nikaongeza mazoezi ya kuinua vitu vizito mara 2 kwa wiki, nikaanza tena kupima vipimo vya chakula ambavyo vilikuwa vimeanza kukua bila mimi kuona.

Sasa yale yaliyoniudhi. Mikutano ya mwanzo uzito ulisomwa kwa sauti mbele ya wote. Dada mmoja aliyekaa karibu nami aliinamisha kichwa uzito wake uliposomwa, na hakurudi tena. Tulilalamika, wakaweka mizani nyuma ya pazia na namba ikawa siri ya mwenyewe. Ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo; bado ninamfikiria yule dada. Pili, kupigia makofi waliopungua kuliwafanya walioongezeka waone aibu, na wao ndio waliohitaji kutiwa moyo zaidi. Tatu, masomo hayakumfikiria mtu wa zamu za usiku. Tulikuwa na kaka anayekula mlo wake mkuu saa nane usiku kazini, na ratiba aliyopewa ilikuwa ya mtu anayelala usiku. Aliacha mwezi wa 3.

Na mikutano ilipokuwa ya mwezi kwa mwezi, pengo lilikuwa refu mno. Nilikuwa nimeshuka hadi 85.4, nikapanda tena kilo 1.5. Tukabaki watu 9. Sisi wenyewe tukaanzisha matembezi ya kila wiki na zamu ya kuwapigia simu wasioonekana, na hapo ndipo nilitulia.

Kama unachagua programu, usichukue ya miezi 3 ikiwa ya mwaka inapatikana. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la Lancet ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, waliopewa kikundi cha wiki 52 walikuwa wamepungua wastani wa karibu kilo 6.8, na wa wiki 12 karibu kilo 4.8. Uliza pia kama kupimwa ni kwa faragha, na uliza wanafanya nini mtu asipotokea. Wakikosa jibu la swali hilo la mwisho, mimi nisingejiunga. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari azungumze na daktari wake kwanza, maana ukipunguza kula sukari inaweza kushuka vibaya. Na mtu aliyewahi kusumbuliwa na kujinyima chakula au kula kupita kiasi na kujitapisha, kuhesabu kila tonge kunaweza kumrudisha kulekule. Huyo simshauri hata kidogo.

Mkutano wa mwisho nilipima 86.9. Vipimo vya damu vya mwezi huo vilionyesha sukari imerudi kwenye kiwango cha kawaida, na karatasi ile nilimsomea mama kwa simu kabla sijatoka hospitali. Usiku baada ya watoto kulala bado ni wakati mgumu kwangu. Programu imekwisha, lakini sisi 9 tumechanga tukanunua mizani yetu, inakaa kwa yule mzee, na tunakutana kila wiki saa ileile.