Yuan zhi: chungulia tundu kabla ya kulipa

Malalamiko ya wanunuzi wa yuan zhi, mzizi ambao Wachina wanautumia tangu kale kutibu usahaulifu, ni yaleyale: koo linakwaruza, tumbo linachafuka, kumbukumbu palepale. Kabla ya kuulaumu mzizi, uvunje. Ndani kuna kijiti?

Dawa imo kwenye ganda. Kijiti ni kuni tupu, na waganga wa kale wa China walionya kwamba kisipotolewa kinamletea mnywaji mbano wa kifua. Mzizi uliochimbwa huanikwa hadi ganda linyauke, husuguliwa kwa viganja, kisha kijiti huchomolewa. Ni kazi ya mkono, ndiyo maana wengi wanairuka.

Ya kwanza kwa ubora, bila mjadala, ni yuan zhi tong: mirija mizima, milimita 3 hadi 8 kwa unene, makunyanzi ya kukingama, tundu safi. Chukua iliyopikwa, zhi yuan zhi. Kilo 100 hupikwa kwa moto mdogo katika maji yaliyochemshiwa kilo 6 za urukususu (mzizi mtamu), hadi yanywewe yote. Mbichi ina saponini, kemikali zenye povu kama sabuni, zinazokwaruza koo na kuleta kichefuchefu; iliyopikwa ukiitafuna ina utamu kidogo, haichomi. Sisi ni wapenzi wa Tong Ren Tang, duka la dawa la Beijing la tangu 1669, na hatufichi. Bei yao inauma, lakini hulipii kuni.

Ya pili ni yuan zhi rou, ganda lililopasuka wakati wa kutoa kijiti. Kwa kuchemsha inatosha kabisa.

Yuan zhi gun, yenye kijiti, iache. Unga uache zaidi: kijiti kikishasagwa, nani atakiona?

Walioko Guangzhou wakienda soko la Qingping wasiridhike na mirija iliyopangwa juu. Ingiza mkono hadi chini ya gunia. Inaudhi kulipa bei ya mirija kisha nusu ya mzani ni mti! Nusa pia: harufu ya uvundo ni dalili ya ukungu, na mzizi huu unashika sumukuvu kiasi kwamba kanuni za dawa za China zimeuwekea kikomo, mikrogramu 5 za sumukuvu ya aina ya B1 kwa kilo.

Kipimo ni gramu 3 hadi 10 kwa siku, za kuchemsha. Mwenye vidonda vya tumbo au mjamzito asiguse. Usahaulifu ulioanza ghafla upeleke hospitali, si sokoni.