Mnyama au Mtabasamu: yupi rais mbaya zaidi?

Katika Transmetropolitan, katuni ya Warren Ellis na Darick Robertson iliyotoka mwaka 1997 hadi 2002 kwa matoleo 60, mwandishi wa habari Spider Jerusalem anakuta wapigakura wamebakiwa na watu wawili. Mnyama, rais aliyepo, ni katili asiyejificha: asilimia 51 wakilala wameshiba, kwake kazi imekwisha. Mpinzani wake, Gary Callahan, anatabasamu meno yote nje. Vita Severn, mwanamke aliyeibeba kampeni yake, anapigwa risasi mbele ya kamera, naye Callahan anavuna kura za huruma kwa kifo alichokipanga mwenyewe. Hapo nilifunga kitabu kwanza.

Mimi ningempa Mnyama kura, kwa uchungu. Callahan akishaingia madarakani, habari za Spider zinazuiwa hadi anapoteza kazi gazetini.