Kozi ya wanawake na jinsia chuoni: maoni yangu baada ya kuisoma semista nzima

Nimemaliza kozi ya masomo ya wanawake na jinsia, ile inayopita kwenye jamii mbalimbali kuanzia enzi za kale mpaka leo, na kwa vile watu wengi wanaidharau bila kuigusa ("si ya kulalamikia wanaume tu hiyo") acha niseme nilichokiona. Kozi ni nzuri sana. Ina kasoro na nitazisema, ila kama umepewa nafasi ya kuchagua somo moja nje ya fani yako, chukua hili.

Kilichonikamata ni namna inavyobomoa ile hadithi ambayo wengi tumekua nayo, kwamba zamani wanawake kila mahali walikandamizwa vilevile halafu taratibu mambo yakaanza kunyooka mpaka tukafika hapa tulipo. Haikuwa hivyo hata kidogo. Mwanzoni kabisa tunasomeshwa barua za wake wa wafanyabiashara wa mji wa Assur (Iraki ya leo), zimeandikwa kwenye vibao vya udongo karibu miaka 4,000 iliyopita, waume wako Kanesh kwenye Uturuki ya leo na wake wamebaki nyumbani wanasimamia ufumaji na kutuma vitambaa kwa misafara ya punda. Mmoja anaitwa Lamassi, mume wake Pushu-ken. Mume kalalamika vitambaa si vizuri, basi mama wa watu anamjibu kwa hasira, anataka kujua ni nani huyo hapo kwako anayeponda kazi yangu! Yaani unasoma unamsikia kabisa. Sasa weka pembeni Uingereza ya 1850, ina viwanda, ina reli, halafu mwanamke aliyeolewa mshahara wake kisheria ni wa mume, mpaka bunge lilipoanza kurekebisha 1870 na kuongeza nguvu 1882. Na Uswisi wanawake wamepata kura ya taifa 1971, wakati New Zealand ilishawapa 1893, na jimbo moja la Uswisi, Appenzell Innerrhoden, lilisubiri mpaka mahakama ilazimishe 1990. 1990 jamani.

Sehemu iliyofundishwa vizuri kuliko zote ni vita ya wanawake kusini mashariki mwa Nigeria, 1929. Hapa profesa hakukimbia. Alianza na Nwanyeruwa wa Oloko, alikuwa anakamua mawese, akaja mtu aliyetumwa na chifu kuhesabu watu na mifugo, akamwambia Nwanyeruwa ahesabu mbuzi, kondoo na watu wake, naye mama akamuuliza huyo mtu kama mama yake na yeye alihesabiwa. Wanaume walishaanza kutozwa kodi mwaka uliotangulia, kwa hiyo wanawake walijua hesabu hiyo inaelekea wapi. Habari zikasambaa na maelfu wakaingia barabarani. Kitu ambacho kozi inakifafanua vizuri ni kwamba hawakuzuka tu, walikuwa na utaratibu wao wa siku zote: mwanaume akimtesa mkewe au akivunja kanuni za soko, wanawake wanajaa nyumbani kwake, wanamwimbia nyimbo za kumwaibisha, wanagonga kuta kwa mitwangio, wengine wanafika hata kubomoa paa, mpaka akubali kosa. Safari hii wakaupeleka kwa machifu waliowekwa na Waingereza. Walijibiwa kwa risasi na wanawake zaidi ya 50 waliuawa. Baadaye tume ikachukua ushahidi, kwa hiyo leo tunayo maneno ya wanawake wenyewe, na tulipewa kurasa za ushahidi huo tuzisome wenyewe kabla ya kusikia mwalimu anasema nini. Hivyo ndivyo historia inavyotakiwa kufundishwa.

Kimberlé Crenshaw , mwanasheria wa Marekani, na makala yake ya 1989 kuhusu jinsi ubaguzi wa rangi na wa jinsia unavyokutana kwa mtu mmoja (Kiingereza wanaita intersectionality), nayo ilifundishwa vizuri, hasa ile kesi ya wanawake weusi walioishtaki General Motors: kampuni ilikuwa imeajiri wanawake, ila weupe, na imeajiri watu weusi, ila wanaume, basi mahakama ikakataa kuunganisha madai ya rangi na ya jinsia, na hao wanawake wakabaki hawana pa kusimama. Ukishaelewa hiyo kesi nadharia yote inakaa.

Sasa kasoro. Uti wa mgongo wa kozi bado ni Ulaya na Marekani, wimbi la kwanza, la pili, la tatu la harakati za kutetea wanawake, halafu jamii nyingine zinachomekwa humo kama mifano. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí , msomi wa Nigeria, amewekwa karibu na mwisho kwa lekcha moja tu, wakati hoja yake ya 1997 inagusa msingi wa kozi nzima: kwamba kwa Wayoruba kabla ya ukoloni, ukubwa wa umri ndio uliopanga watu kuliko jinsia. Wapo wasomi wanaompinga vikali na huo mjadala ndio nilioutaka, tungeanza nao tukabishana semista nzima. Ifi Amadiume naye, mwanaanthropolojia wa Nigeria aliyeandika 1987 kuhusu mabinti waliopewa nafasi ya watoto wa kiume na wanawake waliooa wake huko Nnobi, mji wa Waigbo nchini Nigeria, alipitwa haraka mno.

Nadharia za Judith Butler, mwanafalsafa wa Marekani anayesema jinsia ni kitu tunachokitenda, ni ngumu, na kuzitoa kabla ya mifano kuliwapoteza wenzangu wengi. Mada ya uanaume ilikuwa fupi ila ya maana, wavulana darasani ndipo walipoanza kuongea. Asainimenti zilirudi zimechelewa na maoni ya mstari mmoja, hilo halikubaliki kwenye somo ambalo kazi yake yote ni kuandika na kujenga hoja.

Ukiichukua, msome Oyěwùmí mapema hata kama ratiba imemweka mwishoni, na kwenye insha ya mwisho chagua swali la vyanzo badala ya lile la nadharia, maana nyaraka ndizo zenye watu ndani yake na walimu wa kozi hii wanazijua kweli, ukienda ofisini kwao na kibao au ukurasa wa ushahidi mkononi watakaa na wewe.