Kompyuta Isiyo na Waya kwa Baiskeli ya Kuegemea: Uzoefu Wangu Kisumu

Baiskeli ninayoendesha hapa Kisumu ni ya kuegemea: mpandaji huketi kwenye kiti chenye mgongo, akanyoosha miguu mbele, na pedali ziko mbele ya gurudumu la mbele. Gurudumu hilo ni la inchi 20, la nyuma ni la inchi 26, na usukani umeinuliwa kwa bomba refu hadi ukakaribia kifua. Naeleza umbo lake mapema kwa sababu ndilo lililoamua kompyuta niliyoinunua, yaani kifaa kidogo cha usukanini kinachoonyesha mwendo na umbali, kuliko bei na kuliko wingi wa mambo ambayo kifaa kinaweza kuonyesha.

Kompyuta nyingi za bei nafuu zisizo na waya hutumia mawimbi ya analogi. Sumaku ndogo hufungwa kwenye spoku, kihisi hufungwa kwenye foki (uma unaoshika gurudumu la mbele), na kila sumaku inapopita, kihisi hutuma mpigo mmoja kwa kifaa kilicho kwenye usukani. Mpigo huo ni dhaifu, na kwa kawaida haufiki mbali zaidi ya sentimita 60 au 70. Kwenye baiskeli ya kawaida, ambayo usukani wake uko juu tu ya foki, umbali huo unatosha. Kwenye yangu, tepu ya kupimia ilionyesha karibu mita moja kutoka mahali pa kihisi hadi usukanini. Rafiki yangu aliniazima kifaa chake cha aina hiyo nijaribu kabla ya kununua chochote, na matokeo yalilingana na vipimo: mwendo ulionekana mara moja moja, ukapotea, kisha ukarudi ukiwa sifuri ilhali gurudumu lilikuwa likizunguka vizuri. Kukipeleka kihisi karibu na ncha ya juu ya foki kulisaidia kidogo tu, kwa kuwa pia kihisi na kipokezi vinapaswa kuelekeana, na foki ya baiskeli yangu imelala kwa pembe ambayo hairuhusu hilo. Isitoshe, mawimbi ya analogi huingiliwa kwa urahisi na taa za LED, nyaya za umeme na hata kifaa cha mwendesha baiskeli mwingine anayekwenda kando yako.

Kwa hiyo nilitafuta kifaa cha kidijitali kinachotumia Bluetooth au ANT+, mfumo wa redio wa vifaa vya michezo. Mifumo yote miwili hutumia masafa ya gigahezi 2.4, hufika mita kadhaa, na kila kihisi huunganishwa na kifaa chake kwa namba maalumu, hivyo cha jirani hakiwezi kukuchanganya. Nilichagua Garmin Edge 130 Plus pamoja na kihisi cha mwendo kinachofungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kihisi hicho hakihitaji sumaku wala spoku. Hukazwa kwa mpira kuzunguka habu na hutambua mzunguko chenyewe. Kwangu hilo lina thamani kubwa, kwa maana njia za vumbi za kuelekea Kibos hutikisa sumaku ya spoku hadi ikahama mahali pake.

Swali lililonichukua muda ni gurudumu la kutumia. La nyuma lina ukubwa uliozoeleka, lakini kihisi kikikaa huko mawimbi hulazimika kupita kwenye kiti na kwenye mwili wangu, na maji yaliyomo mwilini hufyonza sana masafa ya gigahezi 2.4. Nilikifunga mbele. Kati ya habu ya mbele na usukani hakuna kizuizi chochote isipokuwa magoti yanayopita, na tangu hapo sijaona mwendo ukikatika.

Anayefunga kihisi kwenye gurudumu dogo lazima ashughulikie mzingo wake, yaani umbali unaokwenda gurudumu likizunguka mara moja, kwa uangalifu. Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa vimewekewa gurudumu la baiskeli ya mashindano, ambalo mzingo wake ni takriban milimita 2,096, ilhali tairi ya inchi 20 kwa 1.75 ina takriban milimita 1,515. Ukiacha namba ile ya kwanza, utakuwa unakwenda kilomita 20 kwa saa na kifaa kikuambie karibu 28, na safari nzima itarefuka kwa kiasi hicho hicho. Kifaa chenye GPS kinaweza kukadiria mzingo chenyewe, lakini mimi napendelea kupima. Weka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye sakafu, keti kitini ili tairi ibonyee kwa uzito wako kamili, kisha mtu akushike na kukusukuma polepole mpaka alama irudi chini. Umbali kati ya alama mbili za sakafuni, kwa milimita, ndio unaoingizwa. Usipoketi utapata namba kubwa kuliko ile halisi, na kwenye baiskeli fupi ya kuegemea gurudumu la mbele hubeba sehemu kubwa ya uzito.

Huenda msomaji akauliza kwa nini nisitegemee GPS peke yake. Jibu ni mlima wa Riat. Ukitoka Mamboleo kuelekea Kiboswa kwa baiskeli ya kuegemea, huwezi kusimama juu ya pedali. Unapanda kwa gia nyepesi na mwendo mdogo, na katika mwendo huo makosa madogo ya setilaiti huifanya namba iruke-ruke, ilhali kihisi cha gurudumu hutulia. Kwa sababu hiyo hiyo niliongeza kihisi cha kadensi, yaani kasi ya kuzungusha pedali, kwenye mkono wa pedali. Asiyeweza kusimama huelekea kusukuma gia nzito kwa magoti peke yake, na kuiona idadi ya mizunguko kwa dakika ikishuka ni onyo la kubadilisha gia mapema. Wakati wa kushuka baiskeli hii hupata kasi haraka mno kwa kuwa haikinzwi sana na upepo, nami hutaka kuijua kasi hiyo kabla sijafika kwenye matuta ya barabarani.

Garmin hiyo hupima mwinuko kwa shinikizo la hewa. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na namba huanza vizuri asubuhi, ila mvua ya radi ya alasiri ikija kutoka milimani shinikizo hubadilika na mwinuko husogea ingawa wewe umesimama pale pale Ahero.

Kioo chake ni cha inchi 1.8, cheusi na cheupe. Kwa usukani ulio karibu na kifua kama wangu, tarakimu zinasomeka bila shida hata jua la saa saba likiwaka, mradi kioo kiinuliwe kikuelekee. Fundi wa jua kali alinitengenezea kishikio cha bomba fupi chenye pembe hiyo. Mwenye usukani wa chini ya kiti atalazimika kukifunga kwenye bomba la mbele karibu na pedali, mbali na macho, na huyo ningemshauri atafute kioo kikubwa zaidi. Chaji hutajwa kuwa ya saa 12, inayotosha kwenda Kericho na kurudi. Vihisi hutumia betri ya CR2032, ambayo hupatikana mjini hapa bila kuagiza.