Altezza RS200 ya kila siku: pesa yangu ilivyokwenda, kitu kimoja baada ya kingine

Nina Toyota Altezza RS200 ya mwaka 2001, gia sita za mkono. Niliinunua mwaka 2021 kwa mtu aliyekuwa akiitumia hapa hapa nchini, na tangu hapo ndiyo inayonipeleka kazini kutoka Kibaha hadi Posta, katikati ya Dar es Salaam, siku tano kwa wiki. Mara mbili au tatu kwa mwaka inanipeleka Iringa kwa wazazi. Gari la pili sina, kwa hiyo hili haliwezi kulala gereji wiki nzima. Naandika kwa mwenye gari la namna hii, liwe Altezza, Mark X au Impreza, ambaye kwa mwezi anaweza kutenga laki moja na nusu au mbili na hajui aanzie wapi.

Mimi nilianza na ekzosi ya spoti, shilingi 380,000. Sauti yake niliipenda kwa wiki mbili. Baada ya hapo nikawa nafika nyumbani jioni kichwa kinauma, maana mngurumo ule ule unakusindikiza kutoka Ubungo hadi Kibaha bila kupumzika. Mwendo haukuongezeka kwa kiasi cha kuhisi mwilini, na nilipozisoma habari za injini hii nikaelewa sababu. Injini ya 3S-GE iliyomo kwenye RS200 ni kazi ya Toyota na Yamaha. Ina VVT-i, mfumo unaorekebisha muda wa valvu kufunguka, upande wa kuingiza hewa na wa kutoa moshi, valvu za titaniamu za kuingizia hewa, na manifoldi ya mabomba yaliyotenganishwa tangu kiwandani. Nguvu za farasi 210 inazitoa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Waliotengeneza walikwisha kuikamua, na mimi kwenye foleni ya Kimara sivuki mizunguko 3,000. Niliirudisha ekzosi ya asili.

Ndipo nikaamua kwamba senti yoyote itakayofuata itaenda kwanza kurudisha kile gari lilichokuwa nacho lilipotoka Japani. Altezza ilichaguliwa Gari la Mwaka la Japani kwa 1998–1999, na haikuchaguliwa ikiwa na bushi zilizopasuka, vile vipande vya mpira kwenye viungo vya miguu ya gari.

Kitu cha kwanza kilikuwa huduma ya injini, na hapo nilikuta jambo ambalo nina hakika liko kwenye magari mengi hapa kwetu: themostati, valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, haikuwepo. Mtu aliitoa zamani, kwa ile imani kwamba bila themostati injini haichemki. Injini ya namna hii ikikosa themostati haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kudhani bado ni asubuhi na inamwaga petroli zaidi ya inavyotakiwa. Nilifunga themostati mpya, nikatoa maji ya bomba yaliyokuwa kwenye rejeta na kuweka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), plagi nne za iridiamu, oili na filta zote. Jumla 310,000. Kabla ya hapo nilikuwa napata kama kilomita 8 kwa lita, sasa napata 10 kwenye njia ile ile. Kwa safari za kila siku, hiyo tofauti imekwisha kujilipa.

Cha pili ni breki, na sikujichagulia mwenyewe, mteremko wa Kitonga ndio ulionichagulia. Nilikuwa natoka Iringa, gari limejaa: wazazi nyuma, gunia la viazi na ndoo za asali kwenye buti. Anayeujua mteremko ule anajua: kona juu ya kona, lori limekutangulia linatambaa, lingine liko nyuma yako. Nilishuka kwa gia ya tatu, mguu juu ya breki karibu muda wote. Katikati ya mteremko nikasikia harufu ya kuungua, na kona mbili mbele pedali ikaanza kuzama. Ilishika, lakini chini kabisa. Niliingiza gia ya pili, injini ikalia na kulizuia gari, na tulipofika kwenye tambarare nilisimama pembeni nusu saa nzima. Mama aliniuliza kuna nini, nikamwambia injini inapumzika. Sikuweza kumwambia ukweli pale pale.

Pedi zilikuwa zimebaki nyembamba, lakini kilichokaribia kuniua ni mafuta ya breki. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam unyevu inao. DOT 4, aina ya mafuta ya breki ninayotumia, ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi joto 230, ila ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, ndiyo maana pedali inazama huku gari haliachi kwenda. Yangu yalikuwa meusi kama kahawa. Pedi za mbele na nyuma, kuchonga diski, chupa mbili za DOT 4 na ufundi vilinigharimu 330,000. Sikununua kalipa kubwa wala diski zenye matundu. Za asili zikiwa nzima zinatosha kabisa kwa barabara, na kubadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili ni pesa ndogo kuliko kujaza tangi. Kama utafanya jambo moja tu kati ya haya yote, fanya hili, kabla ya safari yako ijayo.

Matairi yalifuata. Gari lilikuja na rimu za inchi 18 zenye matairi 225/35, na yalikuwa yanapendeza kwa kweli. Lakini ukuta wa tairi hilo una milimita 79 tu, na rimu mbili zilikuwa zimepinda kwa mashimo. Nilipochutama na tochi kusoma tarakimu nne za mwisho za ile alama ya DOT iliyo kwenye ubavu wa tairi, mbele kulia niliona 2313: wiki ya 23, mwaka 2013. Kashata, zile nundu zinazoshika barabara, zilikuwa bado ndefu, lakini mpira ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu kilichoanikwa juani, na mvua ya kwanza ya vuli nyuma ilikuwa inatereza kwenye kila mzunguko wa barabara. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma halisamehe hilo.

Nilibadilishana rimu zile na za asili za inchi 17, nikaongeza 100,000, kisha nikanunua matairi manne mapya 215/45R17 kwa 230,000 kila moja. Jumla ya hapo ni 1,020,000, pesa nyingi kuliko zote, na ndiyo iliyonipa furaha kubwa kuliko zote. Usukani ulirudi kuzungumza. Nakusihi usinunue tairi la mtumba kwa gari la namna hii hata kama kashata zinaonekana nzuri. Na tairi jipya pia lisome tarehe kabla halijafungwa, maana dukani linaweza kuwa limekaa miaka minne.

Hapa kuna kosa la mpangilio ambalo ningependa mwingine asilirudie. Nilifunga matairi mapya kwenye gari lenye bushi mbovu. Baada ya kilomita elfu tatu tairi la mbele kushoto lilikuwa limelika upande wa ndani mpaka nikahisi ncha kwa kidole. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, nilikuwa nimefanya, lakini haina maana kama mkono wenyewe unaoshika gurudumu unacheza: mashine inapima gari likiwa limesimama, ukikanyaga breki tairi linajipindia linakotaka.

Kwa hiyo nikaingia kwenye bushi, na sehemu hii nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo niliyojifunza zaidi. Gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, walinifungia bushi mpya za mikono ya chini wakiwa wamelipandisha gari juu, wakakaza boliti zote magurudumu yakining'inia, wakalishusha. Miezi miwili baadaye bushi mbili zilikuwa zimechanika. Nilidhani nimeuziwa spea feki. Mzee mmoja fundi wa Ilala alizishika, akazigeuza, akaniambia, "Mwanangu, mpira huu hauna kosa. Umenyongwa."

Akanionyesha. Bushi ya namna hii mpira wake umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, hauzunguki, unajisokota tu. Ukikaza boliti mguu ukiwa umening'inia, siku nzima gari likiwa chini mpira ule unaishi umesokotwa, na kila tuta linausokota zaidi. Boliti unaziacha zimelegea kidogo, unalishusha gari likae kwa uzito wake, ndipo unaingia chini kukaza. Yeye ana magogo manne ya mbao anayopandisha magurudumu ili apate nafasi ya kulala chini. Nilimuuliza kuhusu bushi za polyurethane, plastiki ngumu kuliko mpira, nilizokuwa nimeziona Kariakoo. Alisema ni nzuri kwa mtu wa mashindano, kwangu zingelia na kunipitishia kila kokoto hadi kwenye kiti. Tulibaki na mpira. Boljointi za chini za mbele na tairodi endi (viungo vya magurudumu na usukani), bushi na kazi ya presi: 420,000. Alaimenti baada ya hapo, 40,000.

Shokapu ndizo zilikuja mwisho. Nilichukua nne za kampuni ya KYB kwa 760,000 na ufundi 80,000, springi nikaziacha za asili. Walikuwepo walionishauri nilishushe gari. Kwa matuta ya njia ninayopita, na yale ya Mikumi, sikuona sababu. Likipita tuta sasa linashuka mara moja na kutulia.

Bila ekzosi, yote yamefika 2,960,000 kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Ningeanza leo, ningefanya huduma na breki mwezi mmoja, bushi na boljointi kabla ya matairi, kisha matairi, kisha shokapu. Isipokuwa kama matairi yako ni ya 2013 kama yangu: hayo yatoe kesho, hata kama mapya yatalika kidogo.

Desemba iliyopita nilishuka tena Kitonga na wazazi wale wale nyuma, gia ya pili tangu juu, breki nikizikanyaga kwa mkazo mfupi na kuachia. Chini kabisa pedali ilikuwa ngumu kama nilivyoiacha juu. Mama alikuwa amelala.

Odometa inasoma kilomita 187,000 na sina kumbukumbu yoyote ya mwenye gari wa kwanza kuhusu taimingi belti, mkanda unaoendesha valvu za injini, ambayo kwenye injini hii ni ya mpira. Pesa ya miezi miwili ijayo ni ya belti hiyo, tensheni yake na pampu ya maji. Mzee wa Ilala amenipa tarehe.