Sanamu ya Carcharodontosaurus: kichwa safi, miguu imewashinda

Rafu za vinyago vya dinosaria zimejaa Tyrannosaurus, na Spinosaurus naye hakosi. Carcharodontosaurus wa Afrika Kaskazini, jitu la takriban mita 12, hakumbukwi. Nilipoiona sanamu yake sikusita kuinunua.

Kichwa ndicho kilichonikosha. Aliyekichonga ameliangalia vizuri lile fuvu ambalo mtafiti wa visukuku Paul Sereno na wenzake walilipata Moroko mwaka 1995: refu, jembamba, na meno yametengenezwa moja moja, bapa kama visu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu huyu alikuwa mchanaji wa nyama. Mvunja mifupa ni Tyrannosaurus. Viganja navyo vinatazamana, jambo ambalo watengenezaji wengi hulikosea.

Nyayo sikuzipenda. Zimetanuliwa kupita kiasi ili asimame, na kwenye paja la kulia gundi imevuja ikakaukia juu ya rangi.

Kikaratasi kilichomo kwenye boksi kinaeleza vizuri kwamba mifupa ya Misri, ambayo mtafiti Mjerumani Ernst Stromer aliitumia kumpa mnyama huyu jina mwaka 1931, iliteketea kwa mabomu mjini Munich mwaka 1944. Lakini kinamchora akipambana na Tyrannosaurus! Hao walitenganishwa na bahari na zaidi ya miaka milioni 20. Jirani yake halisi alikuwa Spinosaurus, aliyetegemea sana samaki, kwa hiyo hata wao huenda hawakugombania chakula mara nyingi.

Kucha zina ncha kali, msimpe mtoto mdogo. Mpenzi wa dinosaria aichukue bila wasiwasi.