Uzoefu wangu wa kuhamishwa pensheni ya ulemavu kutoka mfuko wa zamani kwenda mpya

Nilikuwa afisa ugani wilayani Rungwe hadi kiharusi kiliponipooza upande wa kulia. Jopo la madaktari lilithibitisha kwamba sitaiweza tena kazi ya kuzunguka mashambani, nikastaafishwa kwa sababu za kiafya na kuanza kulipwa pensheni ya ulemavu na mmoja wa mifuko ya zamani. Mwaka 2018 sheria mpya iliunganisha mifuko minne ya pensheni ya Tanzania, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, na kuanzia tarehe 1 Agosti mwaka huo tukawa chini ya mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. Mjadala mkubwa wa wakati ule ulihusu kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao, cha wanaotarajia kustaafu. Sisi tuliokwisha kutolewa kazini na maradhi hatukusikika sana, na ndiyo maana ninaandika.

Niseme mapema kwamba kiwango changu hakikupunguzwa. Kilichonitesa ni vielelezo. Nilidhani jalada likihama limehama na kila kilichomo, kumbe nakala ya barua ya jopo la madaktari haikuwemo, na masjala ya mwajiri wangu wa zamani ilichukua wiki kadhaa kuitafuta kabla ya kuikuta ndani ya jalada la mtu tunayefanana naye jina la ukoo. Suala la majina, mawili kwenye ajira na matatu kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, lilikwisha kwa siku moja baada ya wakili kuniandalia hati ya kiapo.

Saini ndiyo iliyonishinda. Fomu ya benki ya kuhuisha taarifa zangu ilitaka saini ilingane na ile waliyonayo, niliyoiweka nikiwa mzima, yenye mkia mrefu uliopinda chini ya jina lote. Siku hizi ninaandika kwa mkono wa kushoto, na ninachoandika kinafanana na kuku aliyekanyaga majivu akapita juu ya karatasi. Binti wa dirishani aliziweka fomu mbili sambamba, akazitazama kwa muda, kisha akasema kwa adabu, "Samahani mzee, hii saini siyo yako." Nikamjibu, "Mwanangu, mkono ulioweka ile ya kwanza ndio huu uliopooza, na ndio sababu ya hiyo pensheni." Akaniangalia mkono uliolala mapajani, akasikitika kwa dhati, lakini fomu akanirudishia.

Kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70, na nilikwenda mara nne. Mtu mwenye miguu yake anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo, lakini mimi hupandishwa kwenye Kosta na mwanangu akinishika kiunoni huku konda akituhimiza, na Tukuyu mvua haisubiri msimu. Mara ya tatu niliambiwa mhusika yuko ghorofa ya pili. Hakukuwa na lifti, hivyo mwanangu akapanda na makaratasi, akarudi na jibu kwamba anatakiwa mwenye akaunti mwenyewe.

Mara ya nne alinihudumia meneja, mama mtu mzima, aliyeshuka mwenyewe hadi chini. Alichukua alama ya dole gumba la kushoto mbele ya mashahidi wawili, akaambatisha nakala ya barua ya jopo, na kazi yote haikufika nusu saa. Malimbikizo yangu, yaani pensheni iliyokuwa ikisubiri fomu hiyo, yaliingia yakiwa kamili.

Kwa mwenzangu anayekabiliwa na jambo kama hili, ninashauri uombe dole gumba tangu siku ya kwanza na utembee na barua ya jopo yenye muhuri, pamoja na nakala zake. Fomu niliyopewa mara ya mwisho bado ina mstari mmoja tu ulioandikwa "saini ya mhusika", kwa hiyo mwanangu huchora kwa rula kisanduku kidogo pembeni yake, nami ninabonyeza dole humo.